Nani asimulie usiku aliopotea Doto? Nimekwama kwenye nafsi

MwanikaDagaa (Igombe, Mwanza)

Wakubwa shikamoni. Wenzangu habari za jioni.

Naomba msaada wa watu wanaoandika hadithi, au hata wanaozisoma kwa makini. Mimi naanika dagaa hapa mwalo wa Igombe, huu ni mwaka wa 11. Na ninaandika riwaya. Naiandika wakati wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapandishwa mchangani, na mimi sina cha kuanika. Giza likirudi naweka kalamu. Kwa hiyo kazi ambayo mwingine angeimaliza kwa miezi sita, mimi naingia nayo mwaka wa tatu.

Hadithi ni hii. Ni miaka ya karabai, zile taa za mafuta, kabla taa za sola hazijaenea. Mtumbwi wa dagaa unatoka jioni na watu wanne: nahodha, mapacha Kulwa na Doto, na kijana mgeni ambaye ni mara yake ya pili kuingia ziwani. Usiku wa manane upepo unageuka. Alfajiri mtumbwi unarudi na watu watatu. Doto hayupo. Waliorudi wanasema wimbi lilimchukua, basi. Lakini ukweli ni kwamba taa zilikuwa bado zinaelea kwenye vyelezo vyake, na tajiri mwenye mtumbwi alishasema taa ikipotea wanakatwa wote kwenye mgao. Nahodha akaamuru zikusanywe. Doto aliinama kuichukua ya mwisho.

Sijaiokota hewani. Kila aliyekaa mwaloni amewahi kusimama ufukweni akihesabu vichwa kwenye mtumbwi unaorudi. Mimi nimehesabu, na mara moja hesabu haikutimia. Nisiseme zaidi ya hapo.

Sasa shida. Mara ya kwanza niliandika kwa "mimi", na mimi huyo ni Doto. Nilifurahi mno. Maneno yalikuja yenyewe: njaa yake, hasira zake kwa nahodha, mafuta ya taa yasiyotoka kwenye kucha hata ukisugua kwa mchanga. Nikajaza kurasa 40 za daftari. Rafiki yangu anayeuza chai hapa mwaloni ndiye msomaji wangu wa kwanza. Alinirudishia daftari, akaniuliza taratibu kabisa: "Doto amefia ziwani. Haya yote alikusimulia saa ngapi?" Nilikosa jibu. Najua wapo wanaoandika marehemu akisimulia, ila mimi sitaki mzimu kwenye kitabu hiki. Nataka mtu aliyepotea awe amepotea kweli.

Nikaanza upya kwa nafsi ya tatu, msimulizi anayejua kila kitu. Anaingia kichwani mwa nahodha, anatoka, anaingia kwa Kulwa, anaruka mpaka kwa tajiri aliyelala nyumbani kwake Kirumba. Hakuna anachofichwa. Kufika ukurasa wa tano msomaji ameshajua kosa ni la nani, na kifo cha Doto kinasomeka kama tangazo la msiba redioni: jina, mahali, saa, mazishi. Nilipokisoma mwenyewe sikulia. Na nilitakiwa kulia.

Kuna lingine dogo linalonitesa. Mapacha wote ni wanaume, na Kiswahili chetu kina "a-" moja tu kwa kila mtu. Niliandika hivi: "Alimshika mkono akamwambia asimwachie, lakini alipogeuka alikuwa ameshamponyoka." Nani alimshika nani? Nani aligeuka? Hata mimi ilibidi nifikirie.

Na la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mimi ni mwanamke, na huku kwetu wanawake hatuingii na mtumbwi wa dagaa usiku. Nina haki gani ya kuandika kilichotokea ndani yake? Nichague nafsi ipi, jamani?

---

MwalimuMstaafu (Sengerema)

Marahaba binti yangu, na pole kwa hesabu ile ambayo haikutimia.

Nimefundisha Kiswahili sekondari maisha yangu yote ya kazi. Darasani tulikuwa tunasema: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu, andikeni, fungeni madaftari. Leo naona tuliwapa wanafunzi viambishi tukawanyima jambo lenyewe. Nafsi ni ni-, ni u-, ni a-. Mtazamo ni mahali pa kusimama. Unaweza kuandika kitabu kizima kwa a- na msomaji asitoke hata mara moja nje ya kichwa cha mtu mmoja. Tazama:

"Mama yao aliuona mtumbwi ukikata kona ya mawe. Vichwa vitatu. Labda mmoja ameinama anachota maji."

Hiyo ni nafsi ya tatu. Lakini ile "labda" ni ya nani? Ni ya mama. Sikuandika "mama alifikiri kwamba". Sikuhitaji. Neno lenyewe limemtaja mwenyewe. Msimulizi wako mjuzi wa yote hana "labda", kwa hiyo hana hofu, na asiye na hofu hawezi kumtisha msomaji. Ndiyo sababu hukulia. Msimulizi huyo simdharau. Anafaa sana kwa hadithi inayotembea vizazi vitatu na vijiji vitano. Hadithi yako ni ya usiku mmoja na mtumbwi mmoja.

Nakupa kazi ya mbalamwezi hii. Chukua rasimu yako ya pili, pigia mstari kila "kumbe", kila "eti", kila "labda", kila "lazima awe". Hayo ni maneno yenye mwenyewe. "Kumbe" haiwezi kuelea hewani. Kuna mtu aliyekuwa hajui na sasa amejua. Kila mahali ulipopigia mstari jiulize ni nani huyo. Ukikuta kwenye ukurasa mmoja kumbe ya nahodha, kumbe ya Kulwa na kumbe ya tajiri, umeshaona kwa nini ukurasa haushiki moto. Fanya hivyo hivyo na "huyu" na "yule", na "alikuja" na "alikwenda". Ukiandika "Doto alikwenda ziwani", umesimama mchangani. Ukiandika "upepo ulitujia", umekaa ndani ya mtumbwi. Kiswahili kinakusaliti mahali ulipo hata kabla hujaamua.

Kuhusu nafsi ipi ni bora, usiitafute, haipo. Mwandishi Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo ya maji yenu hayo. Riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971 aliiandika kwa nafsi ya tatu. Kichwamaji ya mwaka 1974 anasimulia mhusika Kazimoto mwenyewe, kwa "mimi". Mwandishi mmoja, miaka mitatu tu katikati.

Na hili la haki. Waulize watu wa Mwanza wa umri wangu kuhusu tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama. Sijawahi kumsikia mtu akianza na meli. Anaanza na yeye: nilikuwa dukani, nilikuwa nakwenda kumpokea shemeji, nilikuwa napanda daladala nikaona watu wanakimbilia bandarini. Meli inaonekana kupitia kwake. Hao wote hawakuwemo ndani, na hakuna anayewaambia hawana haki ya kusimulia. Nenda makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wa waliokufa na meli ile, kaa na wazee wa pale, utasikia.

---

MvutaKamba (zamani Ukara, sasa Mkuyuni)

Dada, mimi siandiki. Nimevuta dagaa misimu 9 kule Ukara, nikaacha mgongo ulipokataa. Nimesoma ulichoandika mara mbili, nikaona nikuambie vitu ambavyo mwalimu hawezi kukuambia, kwa heshima zote kwake.

Cha kwanza. Usije ukaandika kwamba Kulwa alimuona Doto akianguka. Hawezi kumuona. Karabai haikuonyeshi ziwa, inakuonyesha karabai. Macho yakishazoea ule mwanga, ukigeuka upande wa giza ni ukuta mtupu. Kwenye mtumbwi usiku mwenzako humjui kwa sura, unamjua kwa sauti na kwa kamba. Mnavuta wote, unasikia uzito wake upande wa pili. Akichoka, unajua. Akiacha, kamba inalegea mkononi mwako kabla hujasikia chochote. Hivyo ndivyo Kulwa angejua. Kamba imelegea. Ndipo anaita.

Cha pili. Umesema nahodha alifikiria hivi, kijana alifikiria vile. Kwenye upepo hakuna anayefikiria, dada yangu. Kuna kuvuta, kuna kuchota maji, kuna kumsikiliza nahodha. Wavu kwanza, taa mwishoni. Hapo umeandika sawa.

Cha tatu ndicho kikubwa. Sisi ndani ya mtumbwi husemi "mimi". Ukirudi ukiulizwa, unasema tulitega, tulivuta, tulipata ndoo kadhaa, tulikosa. Hata kama wewe ulikuwa umelala kwenye wavu, ni "tulivuta". Lakini siku mtu akipotea, ile "tu" inavunjika palepale mchangani. Viongozi wa mwalo wakishaanza kuuliza, kila mtu anakuwa na mimi yake. Mimi nilikuwa nyuma kwenye injini. Mimi nilikuwa nachota maji. Mimi sikuwa upande ule. Nimeyasikia haya kwa masikio yangu, na mimi mwenyewe niliyasema. Sikulala kwa wiki nzima, maana mwenzangu yule tulikuwa tunakula sahani moja.

Sijui kwenu waandishi mnaiitaje hiyo. Nakueleza tu ilivyo.

---

KalamuYaNyegezi

Shikamoo Mwalimu. Dada MwanikaDagaa, hongera, maana kuandika na kazi ya jua kali vile si mchezo.

Mimi naandika hadithi za mapenzi, natuma kipande kila Jumatano na Jumamosi kwenye magrupu ya WhatsApp, wasomaji wananichangia kidogo kidogo. Naomba nitoe uzoefu. Wasomaji wangu wanapenda "mimi" kuliko kitu chochote. Nikiandika a- wananiuliza "sasa huyu ni nani mbona hatumjui". Nikiandika ni- wananiandikia faraghani kunipa pole kwa kuachwa na mume ambaye sina.

Kwa hiyo ushauri wangu: mpe kila mmoja sura yake. Sura ya nahodha kwa "mimi", ya Kulwa kwa "mimi", ya kijana mgeni kwa "mimi". Weka jina juu ya kila sura ili msomaji wa simu asipotee. Lakini nakuonya kwa kitu kilichonipata. Niliwahi kuweka wasimulizi watano, na kipande cha nne msomaji mmoja akaniambia wote wanaongea kama wewe. Alikuwa sahihi. Mama wa miaka 60 alikuwa anasema maneno ya binti wa chuo. Nikawaondoa watatu nikabaki na wawili, nikakaa siku nzima stendi ya Nyegezi kusikiliza tu wapiga debe na mama ntilie wanavyokatisha sentensi.

Kama ungeniambia nichague mmoja tu, ningemchagua kijana mgeni. Hajui kazi, kwa hiyo kila kitu lazima aelezwe, na msomaji wa Dodoma ambaye hajawahi kuona karabai anaelezwa pamoja naye.

Halafu kuna nafsi ambayo hakuna aliyeigusa hapa: "wewe". Mama akimwambia Doto: "Ulitoka bila kula. Nilikuita, ukasema utakula ukirudi." Nimeandika hiyo sentensi sasa hivi na imenikaa kooni.

---

MwalimuMstaafu (Sengerema)

Marahaba KalamuYaNyegezi. Kukaa stendi kusikiliza ni kazi ambayo waandishi wengi wenye majina hawaifanyi, na nimefurahi kuisikia kwa kijana.

Hiyo "wewe" ni yetu kabisa. Msibani ndiyo nafsi inayotamalaki: mwanangu umeniacha na nani, mume wangu mbona hukuniaga. Aliye hai anamsemesha asiyeweza kujibu. Lakini binti, iweke ukurasa mmoja, usizidi miwili. Kilio kina pumzi yake.

Juu ya kuwapa wote watatu "mimi", mimi nasita. Kila mmoja akiwa na mimi yake, ukweli wa taa lazima usemwe na nahodha, tena kwa kinywa chake. Akiuficha, msomaji ataona umemdanganya kwa makusudi, maana tumo kichwani mwake na hakuwaza jambo linalomla kuliko yote. Akiusema, siri imeisha. Huwezi kuishi ndani ya kichwa cha mwenye siri halafu ukafunga mlango wa chumba kimoja.

Na lile la mapacha, tulitatue, ni dogo. Sentensi yako imekuwa kizungumkuti kwa sababu wote ni a- na wote ni -m-. Mpe mmoja wao ni-: "Nilimshika mkono, akaniambia nisimwachie." Imetakata yenyewe. Ukibaki na a-, basi mwite kila mmoja kwa namna anayemtazama angemwita. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, Doto akafuata; kwa mama yao hao ni mkubwa na mdogo hadi wanazeeka. "Kulwa alimshika mdogo wake mkono." Na usiogope kulirudia jina. Tuliwaambia wanafunzi kurudia neno ni udhaifu, tukawaharibia mengi.

MvutaKamba, kaka yangu, ulichoandika kuhusu "tu" kuvunjika mchangani sijawahi kukisoma kwenye kitabu chochote cha nadharia. Asante.

---

MwanikaDagaa (Igombe, Mwanza)

Mwalimu shikamoo tena. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa najaribu.

Nilipiga mistari kama ulivyosema. Ukurasa wa 12 peke yake ulikuwa na kumbe nne za watu wanne. Nikaufunga.

KalamuYaNyegezi, nilimjaribu kijana mgeni siku mbili. Alikwenda vizuri, na kweli kila kitu kilijieleza. Lakini nilipofika kwenye upepo nikasimama. Nilikuwa nabuni woga wake kutoka kwenye woga wa kusimama nchi kavu, ambao ndio ninaoujua. Woga wa mchangani ni wa kusubiri. Wa kwake ni wa mikono. Nikawa namvika nguo yangu, inamvuta mabegani.

MvutaKamba, kaka, ya kwako niliisoma usiku nikatoka nje kukaa kwenye mawe. Kamba imelegea. Kisha nikakumbuka kwamba mimi hiyo kamba sijawahi kuishika, wewe umenisimulia. Mwanamke wa mwaloni anajua ya ziwani hivyo hivyo: anasimuliwa. Anasimuliwa na watu watatu, kila mmoja na mimi yake, na yeye anaendelea kugeuza dagaa juani huku anasikiliza.

Kwa hiyo nimeamua msimulizi ni mwanika dagaa. Anasema "mimi". Hana jina kwa kurasa nyingi. Si mama yao, si mke wa mtu, ni jirani wa kichanja tu, ila Doto alikuwa anamwachia dagaa wa mboga kila asubuhi. Ndani ya mtumbwi haingii hata kwa sentensi moja. Nahodha anapita kulipa deni, anasema lake. Kijana anakuja kuaga, anarudi kwao, anasema lake nusu. Kulwa hasemi kitu mpaka karibu na mwisho, na anasema la kamba, MvutaKamba, kama utaniruhusu.

Nimeandika mwanzo. Naomba mnisomee:

"Tulijua ni wao kwa mlio wa injini, maana ilikuwa inakohoa. Nikaacha kutandika wavu nikasimama. Mtu wa mwaloni hahesabu kwa kidole, ni mwiko, anahesabu kwa macho. Nahodha nyuma. Kijana katikati. Kulwa mbele. Nikahesabu tena kuanzia mbele, kana kwamba ukianzia mbele watu wanaongezeka. Mama yao alikuwa kushoto kwangu na beseni kichwani. Hakuuliza. Aliteremsha beseni polepole, akalifunika kwa kanga, mtu akiona angedhani anawazuia nzi."

Swali langu la mwisho, na hapa ndipo nilipokwama upya. Kama msimulizi wangu hakuwemo, na nahodha hatakiri, msomaji atajuaje habari ya taa? Sitaki mtu atokee mwishoni aeleze kila kitu. Hilo ni tangazo la redio lile lile, limehamia ukurasa wa mwisho.

---

KalamuYaNyegezi

Ile kanga juu ya beseni! Dada, usiiguse tena hata herufi moja.

Mimi ningeweka barua ya kijana. Lakini naona nayo ni kama kutangaza.

---

MvutaKamba (zamani Ukara, sasa Mkuyuni)

Umeruhusiwa dada. La kamba lichukue lote.

Juu ya taa, mbona jibu unalo mwenyewe hapo mchangani. Waliondoka na karabai ngapi? Tuseme 6. Upepo wa namna hiyo ukiwakuta taa zikiwa majini, mnakata kamba mnakimbia. Mnarudi na mbili, na tatu mkibahatika, nyingine zinaokotwa siku ya pili huko visiwani zimejaa maji, au hazionekani tena. Mtumbwi uliokutwa na upepo ule ukarudi na taa zote sita, zimepangwa vizuri, vioo vizima, na mtu hayupo, sisi tuliovua hatuulizi swali tena. Tunatazamana tu.

Wewe mwanika dagaa unaziona zikishushwa. Hakuna haja ya mtu kukwambia kitu. Hesabu.

---

MwalimuMstaafu (Sengerema)

Binti yangu, hapo pamekwisha. Angekuwa mjuzi wa yote, taa sita zisingekuwa na uzito wowote, angeshazieleza tangu ukurasa wa tano. Kwa huyu wa mchangani ndizo ushahidi wote alio nao. Mwache ahesabu mara mbili, watu na taa, na asilinganishe kwa mdomo. Na tafadhali, hapo usiweke "kumbe". Muachie msomaji aiseme mwenyewe.

Nitavuka Mwanza mwisho wa mwezi, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limeturahisishia, hakuna tena kungoja kivuko. Ukinakilisha sura tatu za mwanzo nitazisoma kwa kalamu nyekundu, na kwa moyo.

---

MwanikaDagaa (Igombe, Mwanza)

Nimesoma ya MvutaKamba nikiwa nimesimama, nikaketi chini.

Miaka mitatu nimekuwa nikitafuta mtu wa kuniingiza ndani ya ule mtumbwi, na taa zilikuwa zinashushwa mbele yangu. Nimeandika jana usiku, yote kwa mara moja. Naiweka kama ilivyo, makosa ya herufi mnisamehe:

"Walipomaliza kumwongoza mama yao kwenda nyumbani, nilibaki peke yangu na mtumbwi. Kijana alikuwa anashusha vyombo. Alishusha wavu, umelowa, umekunjwa. Alishusha ndoo mbili tupu. Kisha karabai. Moja akaiweka juu ya jiwe. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nimeinama nageuza dagaa wa jana, nasikia tu chuma kikigusa jiwe. Ya nne. Ya tano. Nikainua uso. Ya sita aliishika muda mrefu. Kioo chake kilikuwa kizima kabisa, jua limeingia ndani yake. Akaniona namtazama, akaiweka na wenzake, akarudi mtumbwini ambako hakukuwa na kitu tena cha kushusha."

Mwalimu, sura tatu nitakunakilishia kwa mkono, mwandiko wangu unasomeka. Giza linaanza keshokutwa, mitumbwi imeshaanza kusukumwa majini kujaribu injini, kwa hiyo sitashika kalamu mpaka mwezi ukue tena. Sura ya Kulwa na kamba itasubiri. MvutaKamba, ukipita Igombe ulizia kichanja cha tatu kutoka kwenye mti mkubwa, chai ipo, na nina maswali mengine kuhusu sauti: mtu akiita kutoka majini kwenye upepo, mnasikia jina zima, au mnasikia mwisho wake tu?